Namna ya Kukitembelea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jiji Lake Kabla ya Kuomba Masomo ya Uzamili

Mtu anayeomba masomo ya uzamili au uzamivu anakubali kuishi mahali pamoja kwa miaka miwili, mitatu, na pengine zaidi ya mitano, akiwa chini ya usimamizi wa mtu mmoja au wawili ambao neno lao ndilo litakaloamua kama kazi yake inasonga mbele au imekwama. Pamoja na uzito wa jambo hilo, waombaji wengi huchagua chuo kwa kusoma tovuti, kulinganisha ada, na kusikiliza sifa zinazosimuliwa na waliohitimu zamani. Ziara ya siku nne hivi, ikipangwa vizuri, huonyesha mambo ambayo tovuti haiyasemi, na gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya mwaka mzima wa masomo unaopotea kwa sababu msimamizi haonekani au chumba ulichopanga hakikaliki.

Mwongozo huu unahusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wenyeji hukiita Mlimani, na jiji linalokizunguka. Umeandikwa kwa ajili ya mwombaji anayetoka mkoani, na vilevile kwa anayetoka Nairobi, Kampala, Bujumbura au Bukavu, ambaye huenda Kiswahili anakijua barabara lakini hajui ashukie kituo gani. Ushauri wangu mkuu ni kwamba majengo yasikushughulishe sana. Ukumbi wa Nkrumah ni mzuri, na ndio uliochapwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla noti hiyo haijaipisha sarafu, lakini hautakusomea rasimu. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapo, na mijadala ya miaka ya 1960 na 1970 ilikipa chuo hicho jina duniani. Hilo nalo ni la kujivunia, ila halitasaini ripoti yako ya maendeleo. Unakwenda kuwatazama watu watakaoushika muda wako, na njia utakayoipita kila siku kati ya kitanda chako na meza yako ya kusomea.

Kabla ya kukata tiketi

Jambo la kwanza ni kuhakikisha programu unayoitaka inafundishwa wapi, kwa maana si kila kitu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani. Ndaki, yaani kitengo kikubwa chenye idara kadhaa, ya teknolojia ya habari na mawasiliano iko Kijitonyama. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kiko Chang'ombe, upande wa Temeke, na kile cha Mkwawa kiko Iringa. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja, na ndaki ya afya iko Mbeya. Aidha, Muhimbili, kinachofundisha udaktari, na Ardhi, ambavyo zamani vilikuwa chini ya Mlimani, ni vyuo vikuu vinavyojitegemea tangu mwaka 2007, ingawa Ardhi imepakana na Mlimani kiasi kwamba mgeni anaweza kuvuka mpaka bila kujua. Anayetaka kusoma udaktari bingwa akaja kuuliza Mlimani atakuwa amepoteza nauli.

Chagua tarehe kwa makini. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba, na muhula wa pili huendelea hadi karibu Julai. Usiende wakati wa mitihani, kwa sababu walimu wamezama katika kusimamia na kusahihisha, wala usiende wakati wa likizo ndefu, kwa sababu wengi huwa wametawanyika kwenda kwenye tafiti zao na kusimamia wanafunzi walio mafunzoni mikoani. Mimi ningechagua Aprili, katikati ya masika. Watu husafiri kwenda Dar es Salaam Juni au Julai, wakati hewa ni ya kupendeza na barabara ni kavu, kisha wanapanga nyumba bondeni bila kujua. Aprili ndiyo itakayokuonyesha barabara gani inageuka tope, daladala zipi zinaadimika mvua ikinyesha, na ni mara ngapi njia ya Jangwani inafungwa kwa mafuriko. Angalia tu kalenda, kwa kuwa mwezi huo una sikukuu: Siku ya Karume tarehe 7, Muungano tarehe 26, na mara nyingi Pasaka.

Anayetoka nje ya Tanzania ahakikishe mapema ana pasipoti au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu cheti hicho huulizwa mpakani kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Kukipata cheti kabla ya safari ni rahisi kuliko kubishana na ofisa wa afya saa nane ya usiku huku basi linakungoja.

Kisha andika barua pepe, wiki tatu au nne kabla ya safari, kwa watu wawili: mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, na mwalimu ambaye ungependa akusimamie. Barua ya kumtaka mwalimu nafasi ya kumwona iwe fupi, yenye heshima, na iseme wazi unachotaka. Kitu cha namna hii kinatosha: "Shikamoo Profesa. Mimi ni mwombaji wa Shahada ya Umahiri ya Kiswahili, na ninakusudia kuchunguza lugha ya matangazo ya biashara mjini Goma. Nitakuwa Dar es Salaam kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya pili ya Aprili. Ninaomba dakika ishirini za kuonana nawe siku na saa itakayokufaa. Nimeambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja." Usiambatishe andiko la kurasa arobaini, halitasomwa, na utakuwa umemzoesha kutokusoma kazi yako hata kabla hujasajiliwa. Asipojibu baada ya wiki moja, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha mwombe mratibu akusaidie. Kimya si lazima kiwe dharau, lakini kiweke akilini, maana namna mwalimu anavyojibu barua ya mwombaji haiko mbali sana na namna atakavyojibu barua ya mwanafunzi.

Kufika na mahali pa kulala

Mabasi mengi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Kituo hicho kiko magharibi ya jiji, na Mlimani iko njiani kuelekea mjini, hivyo hakuna haja ya kwenda kulala Posta au Kariakoo ndipo urudi. Panda daladala inayopita Barabara ya Morogoro, ushuke Ubungo, na kutoka hapo ushike gari la kwenda Mwenge kwa Barabara ya Sam Nujoma. Anayekuja kwa treni ya umeme ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro, safari zilizoanza mwaka 2024, atashuka katikati ya jiji, na atakuwa na kilomita 13 hivi za kurudi nyuma hadi chuoni. Kutoka uwanja wa ndege, njia ya kawaida ni Barabara ya Nyerere, kisha Mandela hadi Ubungo. Yeyote atakayekwambia ni mwendo wa dakika ishirini, muulize ni saa ngapi za usiku.

Lala karibu na chuo, yaani Sinza, Mwenge au Ubungo. Ukilala ufukweni utaijua bahari, ila hutaijua foleni ya asubuhi ambayo ndiyo maisha yako yajayo. Sinza ina gesti na loji nyingi za bei ya wastani, na ina baa nyingi vilevile, kwa hiyo omba chumba kisichoelekea barabarani. Uwe na viatu vya kutembelea, kwa sababu jina la Mlimani si la utani, na umbali kati ya Jengo la Utawala, kumbi za mihadhara za Yombo na maktaba hauonekani kwenye picha. Chakula chako ukishike mkononi vizuri: tumbili wa Mlimani wamezoea watu, na ndizi iliyoachwa juu ya meza huhesabiwa kuwa ni yao.

Idarani

Siku ya kwanza ya kazi nenda idarani asubuhi, hata kama miadi yako ni ya kesho yake. Mtu wa kwanza kumwona ni katibu muhtasi, na hapa wageni wengine huharibu mambo kwa haraka zao. Dar es Salaam salamu hutangulia shida. Ingia, amkia, subiri uitikiwe, jitambulishe unatoka wapi, ndipo useme kilichokuleta. Katibu muhtasi anajua nani yuko safarini, nani huja Jumanne na Alhamisi tu, na ni mwalimu yupi aliyehamishiwa ofisi mpya huku mlango wa zamani bado una jina lake. Ukimwendea kwa "ninataka kumwona profesa" utaambiwa hayupo, na pengine yupo.

Ukiwa unasubiri, soma ubao wa matangazo badala ya simu. Tazama matangazo ya wanafunzi wanaotetea tasnifu: yana majina ya wasimamizi, mada na tarehe. Idara inayotangaza utetezi na semina za mara kwa mara inatoa wahitimu. Idara ambayo tangazo lake jipya kabisa ni la mwaka juzi, likiwa limepauka kwa jua na kona moja imeng'oka, inastahili kuulizwa maswali zaidi. Ratiba za vipindi nazo zisome: baadhi ya programu za uzamili hufundishwa jioni kwa ajili ya walioajiriwa, na jambo hilo litaamua uishi wapi na urudi kwa usafiri gani.

Mazungumzo na msimamizi mtarajiwa yasiwe ya kumsifu. Muulize kwanza kuhusu mada yako, umsikilize anavyoipinga, kwa sababu mwalimu anayekutajia papo hapo udhaifu wa mada ameifikiria, na anayesema "ni nzuri, wewe njoo tu" pengine hajaufungua ule ukurasa mmoja. Baada ya hapo uliza mambo ya utaratibu. Ana wanafunzi wangapi sasa hivi, na wako katika hatua gani? Rasimu ya sura moja hukaa kwake muda gani kabla ya kurudi? Anapendelea kusoma kwenye karatasi au kwenye kompyuta? Je, programu hii ni ya kozi na tasnifu au ni ya tasnifu peke yake? Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali la ada, kwa kuwa anayesoma kwa tasnifu peke yake hana darasa linalomsukuma, na msimamizi akikaa kimya hakuna mwingine anayejua kama yuko hai. Uliza pia lugha ya kuandikia. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha ile taasisi ya uchunguzi ya zamani na Idara ya Kiswahili, tasnifu za Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Mahali pengi kwingine chuoni huandikwa kwa Kiingereza.

Lipo swali ambalo waombaji huona aibu kuliuliza: je, mwalimu huyu atakuwepo? Anaweza kuwa anakaribia kustaafu, au anakwenda likizo ya utafiti ughaibuni, au akateuliwa. Mlimani ina historia ndefu ya walimu wake kuchukuliwa na serikali. Mwaka 2017 Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria, aliteuliwa kuwa mbunge na muda mfupi baadaye akawa Waziri wa Katiba na Sheria. Mwaka huohuo Kitila Mkumbo naye alitoka chuoni kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji na Umwagiliaji. Uteuzi wa namna hiyo hutangazwa jioni, na kesho yake asubuhi wanafunzi wa mteuliwa huamka hawajui rasimu zao ziko kwa nani. Huwezi kuuzuia, lakini unaweza kuuliza kwa adabu: "Mwalimu, ikitokea umepata majukumu mengine, idara huwa inafanyaje? Ni nani angefaa kuwa msimamizi wa pili?" Jibu zuri lina jina la mtu. Mtu huyo naye kamwone kabla hujaondoka.

Mwenye utafiti unaohitaji kwenda uwandani aulize kuhusu vibali. Kwa kawaida mtafiti kutoka nje ya Tanzania hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo imekipa jina kituo cha daladala cha Sayansi, pale Kijitonyama. Lakini mwanafunzi aliyesajiliwa Mlimani hupewa barua ya kibali na chuo chenyewe, kwa mamlaka ambayo Makamu Mkuu wa Chuo amekasimiwa, kisha anaipeleka kwa viongozi wa mkoa na wilaya. Kwa mgeni hii ni faida ya kweli ya kusajiliwa hapo, na ni vyema kupata maelezo yake idarani, kwa sababu mradi unaogusa hospitali au sampuli za binadamu una ngazi nyingine za kibali juu ya hiyo.

Vimbwetani

Wanafunzi wa uzamili utawapata kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyojengwa chini ya miti, ambako majadiliano hufanyika tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Mwombe mratibu akuunganishe na mwanafunzi mmoja au wawili wa mwalimu unayemtaka, na zaidi ya hao mtafute mmoja peke yako bila kupitia kwa mtu, kwa kuwa anayechaguliwa na idara kukueleza hali huwa ni yule ambaye hali yake ni nzuri. Mnunulie soda na chapati, ukae. Usimwulize kama chuo ni kizuri. Mtu hawezi kuisema vibaya nyumba anayoishi mbele ya mgeni. Mwulize alianza lini na yuko sura ya ngapi. Mwulize mara ya mwisho alionana na msimamizi wake lini, walikaa muda gani, na alitoka na nini mkononi. Mwulize fedha za utafiti alizipata wapi, na ada ya mwaka wa ziada ni kiasi gani kwa anayechelewa kumaliza. Tarehe na hesabu zitakueleza yale ambayo adabu inazuia kuyasema. Mwanamke anayeomba ni vizuri azungumze na mwanafunzi mwanamke wa mwalimu huyohuyo, wakiwa wawili tu, na kama idara haina hata mmoja, hilo nalo ni taarifa.

Maktabani

Maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ni kubwa na ina nafasi ya wasomaji zaidi ya elfu mbili kwa wakati mmoja. Mgeni asiye na kitambulisho cha chuo asitegemee kupita mlangoni hivihivi. Abebe barua au nakala ya mawasiliano yake na idara. Ndani, uliza mambo mawili. La kwanza ni mkusanyiko wa Afrika Mashariki, ambao ni hazina kwa yeyote wa historia, siasa, sheria au fasihi ya eneo hili: nyaraka za serikali, magazeti ya zamani, na maandishi ambayo hayapatikani mtandaoni. Ona kama vitu unavyovihitaji vipo, na kama vinaruhusiwa kupigwa picha.

La pili ni tasnifu zilizosimamiwa na mwalimu wako mtarajiwa, na hapa ndipo ningetumia asubuhi nzima. Chukua tatu au nne. Usianze na sura ya kwanza, anza na kurasa za mbele. Ukurasa wa ithibati una jina la msimamizi na tarehe. Linganisha na mwaka ambao mwandishi anasema alianza masomo, na utajua amechukua muda gani. Kisha soma shukurani. Wote humshukuru msimamizi, kwa hiyo sifa peke yake hazisemi kitu, ila maelezo husema. Mwanafunzi anayeandika kwamba mwalimu alisoma kila sura zaidi ya mara mbili, akampa vitabu vyake mwenyewe, na kumkaripia kwa sababu ya marejeleo, amekwambia jambo. Anayemshukuru msimamizi kwa sentensi moja ya kawaida, halafu akatumia aya nzima kumshukuru mwalimu wa idara nyingine kwa kumsomea rasimu, naye amekwambia jambo. Mwisho angalia marejeleo: kama orodha ya vitabu inakoma miaka kumi na tano kabla ya mwaka wa tasnifu, uwanja huo haupaliliwi sana hapo.

Nyumba ya kupanga

Usitegemee kwamba utapata hosteli. Mabweni ya Magufuli, yaliyofunguliwa mwaka 2017, na yale ya Mabibo, kwa sehemu kubwa ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamili, hasa mwenye mume, mke au watoto, mara nyingi atapanga mtaani. Uliza katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, halafu toka ukatazame vyumba hata kama huna nia ya kulipa leo.

Maeneo yanayotajwa sana ni Changanyikeni, Makongo, Msewe, Survey, Ubungo, Sinza na Mwenge, na kwa wenye bajeti ndogo, Kimara na Mabibo. Changanyikeni na Msewe ziko karibu kiasi cha kutembea kwa miguu, ila njia za ndani hupanda na kushuka, na mvua ikinyesha bodaboda hupandisha bei. Sinza ni rahisi kwa usafiri na chakula, ila haina utulivu. Kimara kodi hupungua kadiri unavyosogea nje, na mwendokasi, yaani mabasi yaliyoanza kazi Mei 2016 katika njia yake maalumu, yanakufikisha Ubungo. Lakini asubuhi Kimara utagombania mlango na umati mzima.

Dalali atakutoza fedha ya kukuonyesha vyumba, na ukichukua chumba atadai malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye, mara nyingi, atataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hili huwashtua wanaotoka Nairobi, ambako wamezoea kulipa mwezi kwa mwezi, na linabadilisha bajeti ya mwanzo kabisa, kwa kuwa fedha za nusu mwaka zinatakiwa kabla hujalala hata usiku mmoja.

Ukiingia chumbani, usianze na rangi ya ukuta. Fungua bomba. Kama maji hayatoki na korido imepangwa madumu ya njano, basi mgao ni jambo la kawaida hapo. Uliza yanatoka siku gani, na kama tangi la juu ni la wapangaji wote au la mwenye nyumba peke yake. Tazama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla: ni ya chumba chako au mnachangia? Kuchangia umeme na jirani mwenye friji na pasi ni chanzo cha ugomvi, na mwanafunzi anayehitaji kompyuta usiku kucha ndiye atakayelaumiwa. Angalia chini ya kuta, kwa nje na kwa ndani, kama kuna mstari wa maji uliopita kifundo cha mguu. Simama katikati ya chumba upige simu, uone mtandao wa laini yako unashika vipi, maana katika mabonde ya Msewe na Makongo hali hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba. Kisha mwulize mpangaji, si dalali, msikiti, kanisa na baa vilivyo karibu vina vipaza sauti vya namna gani.

Kabla hujakubali mtaa wowote, pita njia yake mara mbili: saa moja asubuhi kuelekea chuoni, na saa mbili usiku kurudi, kwa usafiri uleule utakaoumudu kila siku. Mtu anayeijaribu njia hiyo kwa teksi saa tano asubuhi hajajaribu kitu.

Mjini

Siku moja iache kwa ajili ya jiji lenyewe, hasa kama utafiti wako unahusiana nalo. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na mwanahistoria hana budi kwenda kuuliza masharti ya kusoma humo. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea, lakini ukimwambia bodaboda "nipeleke Makumbusho" atakupeleka Kijitonyama, kwenye kituo cha daladala kilichochukua jina la Kijiji cha Makumbusho. Taja mtaa, au useme ile ya Posta. Vivuko vya Kigamboni ni vya kupanda hata bila safari, kwa kuwa upepo wa pale Magogoni ni wa bure. Kariakoo nenda kwa vitabu vya mitumba, nguo na bei, ukiwa na simu mfuko wa mbele.

Mwenye familia atumie siku hiyo kwa mambo ya familia. Shule ya Msingi Mlimani iko ndani ya eneo la chuo, na kituo cha afya kipo. Uliza kama bima ya afya ya mwanafunzi inamhusu mwenza na watoto au ni ya mwanafunzi pekee, na jibu ulipate kwa ofisa anayehusika, kwa maandishi ikiwezekana.

Baada ya kurudi

Kila jioni ya ziara andika ulichosikia, pamoja na majina na vyeo, kabla hujalala, kwa kuwa baada ya kuonana na watu wanane utachanganya nani alisema nini. Ndani ya siku mbili za kurudi nyumbani, mshukuru kila aliyekupa muda wake, na kwa msimamizi mtarajiwa ambatisha ule muhtasari ukiwa umerekebishwa kwa hoja alizokupa. Kama miadi yake iliahirishwa mara mbili na hukumwona kabisa, usijipe moyo kwamba mambo yatabadilika ukisajiliwa. Mwandikie yule uliyetajiwa kuwa angefaa kuwa msimamizi wa pili, umwombe awe wa kwanza.

Aliyesomea shahada ya kwanza nje ya Tanzania aanze mapema utaratibu wa kutambuliwa kwa shahada yake na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaofanyika mtandaoni, kwa sababu utahitaji nakala za matokeo kutoka chuo chake cha zamani, na vyuo vingine havitoi nakala hizo kwa haraka. Anayesubiri barua ya udahili ndipo aanze, hujikuta Novemba darasa limeshaanza naye bado anafuatilia muhuri.